Kuachiwa Huru kwa Fundi Ngwali

Nisikilizeni basi, na asiyependa kusikiliza aingize pingamizi lake kwenye Mfumo, litashughulikiwa.

Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha! Ni kwamba jina lake halijaingizwa bado. Kamati ya Jina inaendelea na vikao vyake, na mpaka imalize sisi tunaishi katika nchi ambayo kwa mujibu wa taratibu haiitwi chochote, na hatujambo kabisa. Wako watu wasio na shukrani ambao hata hilo wangelilalamikia.

Zamani, kabla ya Mfumo, mambo yalikuwa yanatokea ovyo ovyo. Mtu anazaliwa tu. Mvua inanyesha tu, haijaomba kibali. Daraja linaanguka, na kila mpita njia anasema limeanguka, kana kwamba yeye ndiye msemaji wa serikali. Wakubwa wakaona hii ni aibu. Wakanunua kompyuta, wakazisambaza kila wilaya, wakatunga sheria fupi ambayo siku hizi hata watoto wa chekechea wanaiimba: tukio lisiloingizwa kwenye Mfumo halijatokea, na lililoingizwa limetokea. Tangu hapo hakuna daraja letu hata moja lililoanguka. Tunavuka kwa kuogelea, lakini madaraja yapo.

Lazima niwaeleze pia habari ya vigelegele, la sivyo mtapotea njiani. Siku Mfumo ulipozinduliwa, Waziri wa Matukio alibofya kitufe cha kwanza, na akina mama waliokuwa wameletwa kwa malori wakapiga vigelegele. Mafundi wa mitambo, watu wageni, wakadhani hiyo ni sehemu ya utaratibu, wakaiweka humo humo. Basi mpaka leo, kila tukio likiingizwa, kompyuta inangoja. Karani anasogeza kipaza sauti, mwanamke anayehusika na jambo lile, awe mke, mama au dada, anapiga kigelegele, na skrini inaandika: Limethibitishwa. Asipopiga, tukio linabaki linaelea. Tumezoea. Ukipita asubuhi nje ya ofisi ya wilaya utadhani mle ndani mna harusi, kumbe watu wanathibitisha talaka.

*

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Fundi Ngwali, fundi wa baiskeli. Mtu mwembamba, mpole, na kifua chake kilikuwa na pumu. Adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Mkewe, Sikudhani, hakuwahi kufagia ua bila kwanza kunyunyiza maji, na mgeni akipiga hatua nzito anamwambia, "Taratibu, kaka, mwenzangu yuko ndani." Walikuwa hawajajaliwa mtoto, wakabaki wanaleana wenyewe kwa wenyewe. Walipendana mpaka inakera.

Siku moja Bwana Shauri wa wilaya akaja mtaani kwetu kutusomea matukio yetu. Huwa anakuja, anasimama juu ya kiti, anatusomea yaliyotupata, nasi tunapiga makofi. Siku hiyo akasoma kwamba maji ya bomba yalianza kutoka mtaani kwetu tangu masika, na kwamba tuliyafurahia sana. Tukapiga makofi. Fundi Ngwali akasimama.

"Mheshimiwa, samahani," akasema. "Bomba lenyewe liko mbele ya kibanda changu. Halijatoa hata tone."

Bwana Shauri hakukasirika. Ni mtu mwenye heshima zake. Akauliza, "Una namba ya tukio?"

"Tukio gani, mheshimiwa?"

"La maji kutotoka."

"Sasa, mheshimiwa, kitu ambacho hakijatoka nitapewaje namba yake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikohoa kidogo tu. Kesho yake asubuhi wakaja vijana wawili kumchukua. Walimkuta anaziba pancha, na mmoja wao akamwambia amalize kwanza, hana haraka, kwani baiskeli ile ilikuwa yake. Fundi akamaliza, akaijaza upepo, akanawa mikono. Kisha wakamchukua.

*

Sikudhani akaniomba nimsindikize wilayani. Nilikwenda kwa moyo mweupe, kwa kuwa nilijua ni suala la dakika chache. Serikali yetu inasikia.

Karani wa Mfumo alikuwa kijana mmoja anaitwa Faki, shati limenyooshwa, maneno yake laini. Akaandika jina la Fundi, akangoja, akatikisa kichwa.

"Hayupo, shangazi."

"Hayupo vipi?" Sikudhani akasema. "Nimefuata nyuma yao. Nimemwona kwa macho yangu haya anaingizwa mlango ule pale."

"Sikatai. Lakini macho yako hayajaunganishwa na Mfumo."

Na wakati ule ule, nyuma ya ukuta, mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, kinachovuta pumzi kutoka mbali. Sikudhani akashika meza.

"Huyo anayekohoa ni nani?"

Faki akatega sikio kwa adabu. "Sioni tukio lolote la kikohozi," akasema.

Ni vizuri mjue na hili. Zamani mahabusu ya wilaya ilikuwa na vyumba vizuri vya baridi, kuta nene. Kompyuta zilipokuja, wataalamu wakasema mitambo haiwezi joto. Kompyuta zikapewa mahabusu, na binadamu wakahamishiwa ghala la mafaili ya zamani. Hatukuwa na haja tena na mafaili, yakatupwa humo, yanaliwa na mchwa, yanakuwa unga. Ukifungua mlango wa ghala lile, vumbi linakuja kukupokea. Ila serikali yetu ina huruma: iliweka feni moja kubwa ukutani la kutoa hewa chafu nje, na feni hilo linaendeshwa na Mfumo wenyewe.

Sikudhani alikuwa amebeba wali kwenye bakuli, na dawa ya Fundi ya kupuliza kooni. Mlinzi wa ghala, Koplo Haroub, mtu mzima mwenye mvi, akapokea bakuli na kurudisha dawa.

"Chakula napokea kama zawadi kwa ofisi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Dawa siwezi, dada yangu. Ofisi inaweza kuwa na njaa. Haiwezi kuwa na pumu."

*

Tulirudi kila asubuhi. Faki, Mungu ampe heri, ndiye aliyetufumbua macho.

"Shangazi," akasema, "unachoomba ni mumeo aachiwe, sivyo? Sasa Mfumo unafuata mpangilio. Mtu haachiwi kama hajakamatwa. Kwanza tumwingize kama amekamatwa, halafu ndiyo tumwachie."

"Mwingize, mwanangu. Mwingize hata sasa hivi."

"Tatizo ni sababu. Hapa pana nafasi ya sababu, na siwezi kuiacha wazi. Wale vijana hawakuniletea."

"Si alisema maji hayatoki?"

"Hiyo haimo. Maji yanatoka."

Basi tukatoka nje, tukakaa kwenye ukingo wa mfereji, mke wa mtu na mimi jirani yake, tunamtafutia Fundi Ngwali kosa. Nilikuwa nimenakili kichwani sababu zote zilizoorodheshwa kwenye skrini ya Faki.

"Wizi?" nikasema.

"Ngwali hajaiba hata msumari, jirani. Mungu atanihukumu."

"Uzururaji?"

"Atazurura na kifua kile?"

"Ulevi?"

Akanitazama tu. Nikaacha. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa cha kumshonea mwenzake nguo, "Kelele ipo?"

"Ipo. Kufanya kelele karibu na ofisi ya umma."

"Basi weka kelele. Si anakohoa? Angalau sitakuwa nimemzulia."

Faki akaandika kelele, akasogeza kipaza sauti. Sikudhani akavuta pumzi, akapiga kigelegele cha kuthibitisha kwamba mume wake amekamatwa. Kizuri, kirefu, mpaka makarani wengine wakageuka. Nyuma ya ukuta kikohozi kikakatika ghafla, kama mtu aliyenyamaza asikilize. Skrini ikaandika: Limethibitishwa. Nakwambieni kweli, tulisimama pale tunacheka kwa furaha. Nilimpa mkono shemeji yangu kumpongeza.

"Sasa mwachie," Sikudhani akamwambia Faki siku ile ile.

"Ijumaa, shangazi. Mheshimiwa Waziri anakuja kukagua, na ameomba aone mtu anaachiwa huru kwa macho yake. Bahati iliyoje! Mumeo ataachiwa na Waziri mwenyewe."

Sikudhani hakutaka bahati, alitaka mume. Lakini Ijumaa haikuwa mbali. Akaenda kufua shati la Fundi la sikukuu, akalipiga pasi, akampa Koplo Haroub kama zawadi kwa ofisi.

*

Waziri wa Matukio ni mtu mnene wa mwili na wa maneno. Alifika na magari mengi, na kabla hajashuka, kufika kwake kulishaingizwa, kukapigiwa vigelegele, na kukasifiwa.

"Ndugu wananchi!" akanguruma katika chumba kilichojaa mpaka dirishani. "Kuna nchi ambazo mtu anaachiwa huru na hakuna anayejua! Anatoka tu, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba! Hapa kwetu, uhuru una namba! Uhuru una saa! Uhuru una sahihi yangu!"

Makofi. Nami nilipiga.

"Yuko wapi kitufe?"

Faki akamwonyesha. Akainama karibu na sikio la Waziri. "Mheshimiwa, samahani sana, kuna hatua moja kwanza. Tunaanza kuingiza kufunguliwa kwa mlango, ufunguo unatoka, mtu anatoka, halafu ndiyo kuachiwa."

"Hatua?" Waziri akacheka, na msafara mzima ukacheka. "Kijana wangu, mimi sihesabu hatua. Mimi nafika."

Akabofya Kuachiwa Huru.

Faki akasogeza kipaza sauti kwa Sikudhani. Jamani! Nimeishi umri wote huu katika nchi ya vigelegele, lakini kama kile sikuwa nimesikia. Kilitoka tumboni. Kilipanda, kikakatika, kikapanda tena, na machozi yanamshuka huku anapiga. Akina mama wa msafara wakampokea, chumba kizima kikawa kinalia kwa shangwe. Limethibitishwa. Waziri akapigwa picha akiwa ameikumbatia kompyuta. Wale akina mama wakambeba Sikudhani juu juu, wakamtoa nje mpaka barabarani, wanaimba, wanamzungusha. Mimi nikabaki ndani nimwone rafiki yangu akitoka.

Koplo Haroub akaenda kwenye sanduku la funguo. Sanduku letu ni la kisasa, halifunguki mpaka Mfumo ukubali. Mfumo ukajibu: Chumba hakina mtu. Hakifunguliwi. Akajaribu tena. Chumba hakina mtu.

Kisha nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia mle ndani. Nilisikia kimya. Lile feni la ukutani lilikuwa limezimika, maana sasa Mfumo ulikuwa umeandika kwamba chumba ni kitupu, na chumba kitupu hakihitaji hewa, na Mfumo wetu haupendi ubadhirifu wa umeme.

"Futa," nikamwambia Faki. "Futa hilo tukio uanze upya!"

Akanitazama na jasho linamtiririka. "Tukio la Waziri halifutwi, mzee wangu. Likifutwa ina maana Waziri hakumwachia. Na amemwachia."

*

Kuanzia hapo Sikudhani hakuruhusiwa hata kuvuka geti. Mtu asiye na shauri haingii ofisini, na yeye shauri lake lilikuwa limekwisha vizuri. Alisimama nje na bakuli lake na dawa yake, akiita, lakini jenereta la kompyuta lilikuwa linanguruma kati yake na ghala. Mlinzi wa geti alimhurumia kweli kweli.

"Mama, rudi nyumbani," alikuwa anamwambia. "Mumeo yupo nyumbani peke yake. Nani anampikia?"

Faki akafikiri, akapata njia. Mungu shahidi, yule kijana hakuwa na roho mbaya, alikuwa na Mfumo. Alisema Fundi akikamatwa tena, chumba kitakuwa na mtu, feni litawaka, mlango utafunguka. Ila ili akamatwe, lazima akamatwe pale Mfumo unaposema yupo. Basi wakatumwa wale vijana wawili nyumbani kwake.

Walikuja na adabu zao. Walibisha hodi. Walitazama chini ya kitanda, nyuma ya pipa, ndani ya kabati, hata juu ya dari. Yule mwenye baiskeli alitazama kibandani pia, akaita, "Fundi! Fundi!" kama mteja. Kisha wakamgeukia Sikudhani.

"Mama, umemficha wapi?"

"Mmemfungia wenyewe!" Akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje. "Yuko kwenye ghala lenu! Anakufa kwa vumbi mume wangu! Nendeni mkamtoe!"

"Sisi tumemwachia," kijana akasema, na akaonekana ameumia kwa kusingiziwa. "Na wewe mwenyewe ulithibitisha. Sauti yako tunayo."

Akatoa simu yake, akabonyeza. Kikatoka kile kigelegele cha Ijumaa, kizima, na machozi yake ndani yake. Wakatuchezea mpaka mwisho pale uani. Sikudhani akakaa chini kwenye udongo. Nilitaka kusema neno la kuitetea serikali yangu, kama nilivyozoea, nikatafuta, sikuliona.

*

Asubuhi aliyoletwa Fundi, aliletwa kwa mkokoteni. Koplo Haroub alikuwa anausukuma mwenyewe, kofia hana, mkononi damu, na mtaimbo aliovunjia mlango umelala pembeni ya maiti. Alisema kikohozi kilinyamaza jioni, akangoja, hakikurudi. Ndipo akaenda kutafuta mtaimbo. Alikuwa anaogopa, akasema, kwani kuvunja mlango wa serikali kuna namba yake na adhabu yake, na anajua watakuja kumchukua, wala hakimbii.

Fundi alikuwa amevaa shati la sikukuu. Rangi yake nyeupe ilikuwa haionekani tena kwa vumbi.

Tukamwosha. Sikudhani akasisitiza tunyunyize ua kwanza, kabla wanaume hawajaanza kuingia, na tukanyunyiza, kwa maji ya kununua. Kuhusu kifo, niseme wazi kwamba hakijaingizwa. Faki alikuja mpaka mlangoni na kipaza sauti chake, kwa sababu ndiyo kazi yake. Akatazama ndani, akamwona shemeji ameinama juu ya mwenzake, anampangusa masikio kwa kona ya kanga. Kijana akazungusha waya mkononi, akaondoka. Kwa hiyo mpaka leo hii, kwa mujibu wa sheria, Fundi Ngwali ni mtu huru na yuko nyumbani kwake.

Tulipotoka makaburini, Koplo Haroub walikuwa bado hawajaja kumchukua. Akaja kusimama kando ya mkeka kumpa mfiwa pole. Sikudhani akamuuliza swali moja tu.

"Alisema nini, kaka?"

Haroub akajifuta uso kwa kiganja. "Ijumaa ile alikuwa amekaa juu ya mafaili. Aliposikia kigelegele akainuka. Akaniuliza kupitia kitundu cha mlango, 'Afande, si Sikudhani yule?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Basi nimeachiwa.' Akavaa shati, akajikung'uta, akaja kusimama mlangoni. Feni likazimika. Nikamwambia akae apumzishe kifua. Akakataa. Akasema wewe mkewe una wasiwasi sana, mlango ukifunguka ukamkuta ameketi utafikiri anaumwa."

"Halafu?"

"Halafu akawa ananiuliza kama wamekwenda kuchukua ufunguo. Namwambia ndiyo. Kesho yake ananiuliza tena, namwambia ndiyo. Dada yangu, nisamehe. Nilimwambia ndiyo mpaka mwisho."

Nilidhani atalia, na wanawake wakamsogelea wamshike.

"Siku zote hizo mimi nilikuwa getini namwita," akasema, "na yeye alichonisikia ni furaha tu."

Haroub akavua viatu vyake, akavipanga vizuri kando ya mkeka, akakaa na sisi kuwangoja wale vijana.